Kushona picha kuwa panorama: programu inafanya nini humo ndani, na wewe ufanye nini isikugomee

Wengi tukisikia panorama, yani picha moja pana iliyounganishwa kutoka picha kadhaa, tunadhani programu inachukua picha ya kushoto inailaza, inachukua ya kulia inaibandika pembeni yake, afu inapitisha kitu kama brashi pale katikati kuficha mstari. Mimi nilidhani hivyo miaka mingi tu, ndo maana kila nikipata picha iliyokatika nilikuwa nahangaika na brashi usiku kucha wakati tatizo lilikuwa kwenye miguu yangu, yani pale niliposimama. Programu haibandiki. Inachofanya ni kutafuta kamera ilikuwa inatazama wapi kila ulipobonyeza kitufe, ilikuwa imelala kiasi gani, lenzi inaona upana gani, na ikishapata hayo inazichora picha zote upya kwenye turubai moja. Kubandika kwenyewe kunakuja mwisho.

Faida ya kujua hili ni kwamba kila kasoro ina hatua yake. Ukiona kasoro unajua imetokea wapi, unaenda kurekebisha hapohapo badala ya kubonyeza vitufe vyote ukiomba Mungu. Kwahiyo nitapita hatua moja moja kama programu yenyewe inavyopita. Mifano nitatumia Hugin kwasababu ni ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux, na haikufichi kitu, ila mawazo ni yaleyale ukiwa na PTGui, Lightroom au Photoshop. Panorama ya simu ile ya kuzungusha iko tofauti kidogo, inachukua vipande vyembamba vingi huku ikisaidiwa na sensa ya mzunguko, lakini nayo ikikosea inakosea kwa sababu hizihizi.

Hatua ya 1: kupiga, na hapa ndo vita vyote vilipo

Nyoosha kidole mbele ya uso, funga jicho la kulia, afu fungua hilo ufunge la kushoto. Kidole kinaruka, ukuta wa nyuma umetulia. Hiyo ndo paralaksi, na ndo adui namba moja wa panorama, kwasababu kamera ikihama hata kidogo kati ya picha mbili vitu vya karibu vinahama kuliko vya mbali na hakuna hesabu ya kuzungusha picha itakayowaridhisha wote wawili kwa wakati mmoja.

Tuweke namba ili usidhani natia chumvi. Chukua kamera ya sensa ya fulufremu (ile kubwa ya milimita 36 kwa 24) yenye lenzi ya milimita 50, imeshikwa wima, inaona upana wa kama digrii 27. Kama picha ina pikseli 4000 kwa upana basi kila digrii ni pikseli 148 hivi. Sasa kamera ikihama sentimita 5 tu kwenda pembeni, kitu kilicho mita 1 mbele kinahama karibu digrii 2.9, yani pikseli zaidi ya 420. Kitu kilicho mita 50 kinahama pikseli 8 au 9. Kilicho mita 500 hata pikseli moja haifiki. Umeona? Sentimita 5 zilezile, kwenye milima hakuna anayejua, kwenye chumba umeshaharibu kazi.

Na simu ndo balaa zaidi maana mtu anaishika mkono umenyooka na kuzungusha mwili. Mkono wa sentimita 60 ukizungushwa digrii 20 simu inakuwa imehama karibu sentimita 21. Usifanye hivyo. Shika simu karibu na uso, ifikirie kama iko kwenye msumari usiosogea, afu wewe ndo uizunguke, utaonekana kituko mbele za watu lakini picha itashonwa.

Ukiwa na stendi ya miguu mitatu unatakiwa uzungushe kamera juu ya ile sehemu ambapo tundu la lenzi linaonekana kukaa ukilitazama kwa mbele. Watu wengi wanaiita nodali pointi, kwa fizikia sio jina lake sahihi ila ukilisema utaelewana nao. Kuitafuta ni rahisi: simamisha fimbo moja kama mita 1 mbele, na nyingine mbali sana kwenye mstari huohuo mpaka ya mbele iizibe ya nyuma. Zungusha kamera fimbo zihamie ukingo wa kushoto wa picha, afu wa kulia. Ya nyuma ikichungulia pembeni ya ile ya mbele, sogeza kamera mbele au nyuma kwenye reli yake (kile kibao cha kuteleza kinachofungwa kati ya stendi na kamera) ujaribu tena. Zikibaki zimezibana pande zote mbili umefika, weka alama ya kalamu kwenye reli ili siku nyingine usirudie mateso. Kumbuka lenzi ya zumu alama inahama ukibadilisha zumu.

Kwa mandhari ya mbali hauhitaji yote haya. Simama, piga, ondoka. Ila kwenye korido, vyumba, au pakiwa na uzio miguuni kwako, bila hiyo reli utalia.

Kuhusu picha kupandiana: mimi naachia theluthi moja hivi, asilimia 30. Chini ya 20 unaanza kucheza kamari maana pembeni ya lenzi ndo pana ukungu na kupinda kwingi, na huko ndiko unakoitaka programu itafute mfanano. Hesabu ya picha ngapi ni rahisi, chukua digrii ambazo lenzi inaona, zidisha kwa 0.7, gawanya unachotaka kwa jibu hilo. Ile milimita 50 iliyoshikwa wima inakupa 18.9 kwa kila picha, kwahiyo mzunguko mzima wa 360 unakula picha 20. Ya milimita 24 inaona kama digrii 53 ikiwa wima, hapo picha 10 zinatosha. Kamera ishike wima sio kulala, unapata picha nyingi zaidi kweli lakini unapata urefu wa juu na chini ambao baadae ukikata kingo zilizojipinda hautajuta.

Afu funga kila kitu. Ekspoja (kiasi cha mwanga kinachoingia) iwe ya mkono, waiti balansi (jinsi kamera inavyosawazisha rangi) isiwe ya otomatiki, fokasi iwe imefungwa, zumu usiiguse. Ekspoja pima kwenye sehemu yenye mwanga mkali ambayo hutaki iungue, sio pale unapoanzia. Kichujio cha polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachokoleza anga, kivue kabisa ukipiga anga pana, kwasababu nguvu yake kwenye anga inategemea pembe kutoka kwenye jua, kali zaidi ni digrii 90 kutoka juani, kwahiyo unapata mkanda mweusi katikati ya anga na hakuna programu itakayokuelewa. Vitu vinavyotembea (watu, mawimbi, mawingu) wapige haraka bila kuangalia skrini kila mara, na mtu akiwa katikati ya sehemu ya kupandiana subiri apite, au piga picha hiyo mara mbili.

Hatua ya 2: programu inatafuta vitu vya kushika

Sasa umeingiza picha kwenye kompyuta. Programu haijui hili ni jengo wala ule ni mti. Inatafuta vijisehemu ambavyo haviwezi kuchanganywa na jirani yake. Fikiria unachungulia ukuta mweupe kupitia tundu dogo la karatasi, ukisogeza karatasi huoni tofauti, kwahiyo ukuta mtupu hausaidii. Ukichungulia ukingo wa ukuta, ukisogeza juu na chini bado ni uleule, nao unakudanganya upande mmoja. Lakini ukichungulia kona, popote utakaposogeza kunabadilika. Kona ndo mali. Wazo hili lina jina la mtafiti Harris, ni la 1988.

Shida ya kona tupu ni kwamba ukiinamisha kamera au ukisogea karibu hazitambuliki tena. David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada akaja na SIFT, njia ya kutafuta na kutambua alama hizo, mwaka 1999, akaielezea kwa kirefu 2004. Ujanja wake ni huu: picha inafifishwa kwa viwango tofauti tofauti na kupunguzwa ukubwa, inatafutwa alama inayojitokeza kwenye kiwango fulani cha ukungu kuliko majirani zake wote, kwahiyo alama inakuja na ukubwa wake yenyewe. Afu inapewa mwelekeo, kama mshale, kutokana na mwanga unavyobadilika hapo, ili picha ikiinama mshale nao uiname. Mwisho eneo linalozunguka alama linagawanywa vyumba 4 kwa 4, kila chumba kinahesabu mabadiliko ya mwanga kwenye mielekeo 8, na 16 mara 8 unapata namba 128. Hizo namba 128 ndo kitambulisho cha alama. Na kwasababu zinapima mabadiliko ya mwanga na sio mwanga wenyewe, picha moja ikiwa nyeusi kidogo kuliko nyingine bado wanatambuana.

SIFT ilikuwa na hataza (haki ya mvumbuzi) iliyoisha 2020, ndo maana kabla ya hapo programu za bure zilikuwa zinaikwepa kwa kutumia njia nyingine. Kuna njia nyingine ya namna hiyo, ORB ya 2011 pia, kitambulisho chake ni biti 256 tu na ina kasi sana, ila kwa panorama ambayo haina haraka mimi bado SIFT kwanza.

Kwako wewe mpiga picha maana yake ni nini? Kila sehemu ya kupandiana iwe na kitu cha kushika. Anga tupu, maji yaliyotulia, ukuta mpya uliopakwa rangi moja, hapo programu inarudi mikono mitupu. Ukilazimika kupiga anga, hakikisha chini ya picha kumeingia kipande cha ardhi au tawi.

Hatua ya 3: kuoanisha, na kuwatoa waongo

Kila alama ya picha A inatafuta mwenzake kwenye picha B mwenye namba 128 zinazokaribiana. Lakini kukaribiana pekee hakutoshi, fikiria jengo lenye madirisha 40 yanayofanana, kila dirisha litapata "pacha" 40. Kwahiyo programu inaangalia wa kwanza na wa pili: kama aliye karibu zaidi hajamzidi wa pili kwa mbali, inawatupa wote. Lowe aliweka kizingiti cha 0.8, umbali wa wa kwanza ugawanywe kwa wa pili, na kwenye majaribio yake kiliondoa asilimia 90 ya mapacha feki huku kikipoteza chini ya asilimia 5 ya wale wa kweli. Hii inakueleza kwanini ukuta wa matofali au uzio wa nondo unaipa programu shida hata kama kwa macho una "alama nyingi".

Hata baada ya mchujo wanabaki waongo. Hapa inaingia RANSAC, ya Fischler na Bolles 1981, na mimi naipenda kuliko hatua zote kwasababu ni kama kusikiliza mashahidi. Wanaosema kweli wanasimulia kitu kimoja, waongo kila mmoja ana uongo wake. Programu inaokota jozi 4 kwa bahati nasibu, inatengeneza nazo nadharia ya jinsi picha A inavyolala juu ya B, afu inauliza jozi zingine zote: wangapi mnakubaliana na hii? Inaandika idadi, inaokota 4 nyingine, inarudia. Nadharia iliyopata wafuasi wengi inashinda, wasiokubaliana wanafukuzwa.

Kwanini 4? Kwasababu uhusiano wa picha mbili za namna hii, unaoitwa homografia, ni jedwali la namba 3 kwa 3 lenye vitu 8 visivyojulikana, na kila jozi inatoa milinganyo 2. Na irudie mara ngapi? Kama nusu ya jozi ni za kweli, uwezekano wa kuokota 4 zote za kweli ni 1 kwa 16, kwahiyo majaribio 72 yanakupa uhakika wa asilimia 99 kwamba angalau mara moja umepata kundi safi. Kama ni asilimia 30 tu za kweli yanapanda mpaka 560 na kitu. Kompyuta inamaliza hiyo kabla hujapepesa.

Kitu cha kushika hapa: homografia inakuwa kweli kwa hali mbili tu. Moja, kamera ilizunguka bila kuhama. Mbili, kinachopigwa ni bapa, kama ramani ukutani, mchoro au ukurasa, hapo unaweza kutembea nayo upande kwa upande bila tatizo. Nje ya hizo mbili jedwali halipo, programu inakupa la karibu karibu tu. Ukipiga korido huku unatembea na kutegemea itashonwa, unaiomba hesabu ambayo haina jibu.

Hatua ya 4: kuwapanga wote kwa pamoja

Ungeweza kusema basi, picha 1 ishonwe na 2, 2 na 3, tuendelee. Tatizo kosa dogo linarithiwa. Kosa la sehemu ya kumi ya digrii kwa kila mshono, yote yakielemea upande mmoja, kwa picha 20 ni digrii 2, na mzunguko ukifika mwisho picha ya 20 haikutani na ya kwanza. Kwahiyo programu nzuri inawachukua wote kwa mpigo: kila picha ina pembe tatu (kushoto na kulia, juu na chini, kulala upande), lenzi ina urefu wake wa fokasi (zile milimita) na kupinda kwake, na programu inachezesha namba zote hizo kidogo kidogo mpaka jumla ya umbali kati ya jozi iwe ndogo iwezekanavyo. Mashine ya hesabu inayotumika hapo mara nyingi ni ya Levenberg na Marquardt. Helmut Dersch alitoa programu zake za Panorama Tools mwaka 1998, na Hugin imesimama juu ya kazi hiyo, PTGui nayo ilianza kama sura tu ya kubonyeza juu yake. Brown na Lowe 2003 wakaonyesha kwamba hata mpangilio sio lazima uiambie programu, unaimwagia folda la picha zilizochanganyika inatenga yenyewe ipi ni ya panorama ipi.

Kwenye Hugin sasa. Ingiza picha, yenyewe inasoma urefu wa fokasi kwenye taarifa za faili, kama picha zimepita kwenye app zikafutwa taarifa itakuuliza na wewe usiandike namba ya kubuni, tafuta ya kweli. Bonyeza kitufe cha kupanga, subiri. Ikimaliza usikimbilie kushona! Fungua jedwali la pointi na lipange kwa umbali, kubwa juu. Kila mstari ni jozi moja na umbali wake kwa pikseli, yani imekosea kiasi gani. Bonyeza ya juu uione ipo wapi kwenye picha. Kama iko kwenye wingu, jani, mtu, wimbi au kitu cha karibu sana miguuni, futa. Kama iko kwenye kona ya jengo la mbali na bado ina pikseli 30, usifute kwanza, hiyo inakuambia ukweli ambao wenzake wanauficha, huenda urefu wa fokasi sio sahihi au kuna picha imewekwa mahali sipo. Watu wengi wanafuta kila namba kubwa mpaka wastani unapendeza, afu picha inatoka mbovu vilevile. Wanakuwa wamefukuza mashahidi wa kweli.

Ukishafuta, panga upya: kwanza pembe peke yake, zikitulia ongeza upana wa lenzi na kupinda. Ukiachia kila kitu kwa pamoja wakati pointi ni chafu, lenzi inapindishwa kuficha uchafu. Mimi wastani ukishuka chini ya pikseli 3 naendelea, kwenye chumba bila reli wakati mwingine nakubali 5 na moyo unauma.

Kuna kitu kimoja pointi haziwezi kujua, nacho ni juu ni wapi. Picha zote zinaweza kukubaliana vizuri huku dunia nzima imelala, unapata upeo wa macho unaopanda na kushuka kama nyoka. Hugin ina kitufe cha kunyoosha, kikishindwa weka mistari wima kwa mkono: kwenye kichupo cha pointi chagua picha ileile pande zote mbili, weka pointi juu ya nguzo au kona ya jengo na nyingine chini yake. Fanya hivyo kwenye picha tatu nne zilizotawanyika, panga upya, nyoka ananyooka.

Hatua ya 5: turubai gani

Kilichopatikana mpaka sasa ni kama mpira uliopakwa picha kwa ndani na wewe umekaa katikati, na lazima uulaze kwenye karatasi bapa. Hakuna namna ya kufanya hivyo bila kudhulumu kitu, unachagua tu udhulumu nini.

Ya kawaida inayotunza mistari iliyonyooka inafaa kwa majengo lakini inavuta pembeni. Digrii 60 kutoka katikati tayari kitu kinavutwa mara 4 kwenda nje, kwahiyo ukizidi upana wa digrii 120 hivi watu wa pembeni wanakuwa wanene wa kutisha, na 180 haiwezekani kabisa. Ya silinda, kama karatasi iliyozungushiwa kopo, inatunza mistari wima na inafika hata 360, lakini mistari ya kulala inapinda kama upinde, barabara iliyonyooka mbele yako inageuka kona. Kwa mandhari hii ndo chaguo langu karibu kila siku. Ya tufe yenye uwiano wa 2 kwa 1 ni kwa ajili ya picha za 360 za kuzungusha kwenye skrini, ukiitazama imelazwa ni mbaya na ndivyo inavyotakiwa.

Ukubwa nao uangalie. Ile milimita 50 ya pikseli 148 kwa digrii, mzunguko mzima ni pikseli 53,000 na ushee kwa upana, na JPEG mwisho wake ni 65,535 kwa upande mmoja. Punguza mpaka nusu, hakuna atakayelalamika na kompyuta itapumua.

Hatua ya 6: mwanga, mshono, na kule kuchanganya

Lenzi nyingi kona zake ni nyeusi kidogo kuliko katikati. Kwenye picha moja huioni, ukizipanga 10 kwa pamoja unaona anga lina mistari ya giza kama pazia lililokunjwa. Programu inakisia giza hilo na tofauti za ekspoja kwa kulinganisha pikseli za sehemu moja zilizoonekana kwenye picha mbili, afu inasawazisha. Kama ulifunga ekspoja hapa ni kazi ya sekunde.

Kisha mshono. Kwenye eneo la kupandiana kila sehemu ina picha mbili, na programu inatafuta njia ya kukata ambapo picha hizo zinakubaliana, inapita kwenye nyasi na kivuli, inakwepa uso wa mtu na gari. Fundi cherehani naye haweki mshono kifuani kwa makusudi.

Baada ya kukata ndo kuchanganya, na hapa kuna ujanja wa Burt na Adelson wa 1983 ambao mpaka leo ndo unatumika, na enblend, programu ya kuchanganya inayokuja na Hugin, imejengwa juu yake. Ukichanganya kwa eneo pana, rangi za anga zinaingiana vizuri lakini majani yanatokea mara mbili kama mzimu. Ukichanganya kwa eneo jembamba, majani yako sawa lakini anga linaonyesha mstari. Wao wakasema tusichague: tuigawe picha kwenye matabaka, tabaka la mabadiliko ya polepole kama anga na vivuli vikubwa lichanganywe kwa upana, tabaka la vitu vidogo vikali lichanganywe kwa wembamba sana, afu tuyarudishe pamoja. Ndo maana mshono wa panorama nzuri haupo mahali popote hata ukizumu.

Mtu akiwa nusu bado una dawa. Kwenye kichupo cha maski chora umbo kumzunguka kwenye ile picha asiyotakiwa, chagua kuondoa eneo, mshono utalazimika kuchukua eneo hilo kwenye picha nyingine. Ndo maana nilisema piga mara mbili. Bila picha ya pili maski inaacha tundu jeusi.

Toa kwa TIFF kama utaendelea kuirekebisha, JPEG kama ni kutuma tu.

Ikiharibika, soma kasoro

Picha moja haijaunganika kabisa, iko peke yake pembeni: ni hatua ya 2 au 3, hakuna alama au sehemu ya kupandiana ni ndogo. Weka pointi 4 au 5 kwa mkono, zitawanye juu na chini, sio zote sehemu moja.

Vya mbali vimekaa vizuri ila vya karibu vimekatika: paralaksi, na hapo usipoteze usiku. Futa pointi zote za karibu, acha za mbali zipangwe sawasawa, kisha peleka mshono kwa maski upite mahali mkato hauonekani. Vya karibu viko sawa na vya mbali vimekatika ni tatizo lilelile kwa upande wa pili, pointi zako nyingi zimekaa karibu.

Kila kitu kimekatika kidogo kidogo, kote, karibu na mbali: lenzi. Urefu wa fokasi umeandikwa vibaya au kupinda hakujapangwa. Mara nyingi kuna picha moja iliyopigwa na zumu tofauti, iangalie kwanza hiyo.

Mistari ya giza angani ni mwanga, hatua ya 6. Mzimu wa mtu ni mshono. Nyoka ni mistari wima.

Mimi kuna panorama ya uzio na bonde nyuma yake ambayo niliishona mara tisa. Nilipiga nikiwa nimesogea hatua moja katikati ya kazi kumpisha mtu. Nilijaribu kila kitu nilichoandika hapo juu na vingine nilivyobuni, bonde likikaa uzio unakatika, uzio ukikaa bonde linakatika. Mara ya kumi nilirudi palepale, nikaruka uzio, nikasimama upande wa pili ambako hakuna kitu cha karibu. Picha 8, bila stendi, ikashonwa mara ya kwanza kwa wastani wa pikseli 1.4.